Wafahamu askari wa Navajo waliofungua majalada ya mauzauza

Na Mwandishi Wetu

MTU anapofika kituo cha polisi kueleza kwamba ameibiwa ng'ombe, askari wa zamu huchukua kalamu na kuandika. Anapofika kueleza kwamba usiku uliopita ameona kiumbe cha ajabu nyuma ya zizi lake, askari huyo huyo mara nyingi huweka kalamu chini na kucheka.

Katika ardhi ya taifa la Wanavajo, kusini-magharibi mwa Marekani, kilikuwapo kikosi kidogo cha askari kilichopewa amri ya kutocheka. Kazi yake ilikuwa kwenda kwa mlalamikaji, kumhoji, kupima, kupiga picha na kuandika taarifa, hata kama lalamiko lenyewe lilihusu mizuka, taa zisizoeleweka angani au nyayo za kiumbe asiyejulikana.

Askari wawili waliopata umaarufu kwa kazi hiyo ni Stanley Milford na Jonathan Dover, ambao wote wamekwisha kustaafu. Mwaka 2024 Milford alichapisha kitabu kuhusu maisha yake ya kazi, kiitwacho The Paranormal Ranger, na kabla ya hapo, mwaka 2022, kampuni ya Netflix ilionyesha kipindi kuhusu uchunguzi wao.

Tangu hapo swali linaloulizwa na watu wengi ni moja: je, waliyoyaona yalikuwa ya kweli? Ni swali la haki. Lakini liko jingine ambalo halisikiki sana, nalo ni hili: serikali ina wajibu gani kwa raia anayeogopa kitu ambacho serikali yenyewe haiamini kuwa kipo?

Makala haya yanaeleza askari hao ni nani, walifanya kazi katika mazingira gani, sayansi inasema nini kuhusu malalamiko waliyoyapokea, na kwa nini kuandika lalamiko kuna maana kubwa kwa watu wa huko.

Nchi ndani ya nchi

Wanavajo, ambao wenyewe hujiita Diné, yaani watu, ni miongoni mwa wenyeji asilia wa Marekani ambao vitabu vya zamani vya Kiswahili viliwaita Wahindi Wekundu. Ni moja ya mataifa makubwa kabisa ya wenyeji hao, likiwa na wanachama walioandikishwa wapatao 400,000, ingawa zaidi ya nusu yao wanaishi nje ya ardhi ya taifa lao.

Ardhi hiyo ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 70,000 na imesambaa katika majimbo matatu ya Arizona, New Mexico na Utah. Ukiziweka pamoja nchi za Rwanda na Burundi, bado hazifikii ukubwa huo.

Wanavajo wana serikali yao yenye rais, baraza la kutunga sheria, mahakama na polisi, na makao makuu yake yako katika mji wa Window Rock, Arizona. Hata hivyo, mamlaka yao yana mipaka. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1885, makosa makubwa kama mauaji yanayotokea katika ardhi hizo yanaangukia mikononi mwa serikali kuu ya Marekani, na hivyo wapelelezi wa FBI huhusika.

Aidha, mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama za wenyeji asilia haziwezi kumshitaki kwa kosa la jinai mtu asiye mwenyeji asilia, isipokuwa kwa idhini ya Bunge la Marekani.

Katika eneo hilo lote polisi wa Navajo katika miaka ya karibuni wamekuwa karibu 200 tu. Askari mmoja anaweza kuitwa mahali ambapo atafika baada ya saa moja au zaidi ya kuendesha gari, mara nyingi kwa barabara za vumbi. Nyumba ziko mbali mbali, maelfu hazina umeme, na takriban theluthi moja hazina maji ya bomba.

Mtu anayesikia vishindo juu ya paa usiku katika mazingira hayo hana jirani wa kumgongea mlango. Anachoweza kufanya ni kupiga simu na kusubiri.

Walinzi wa maliasili

Milford na Dover hawakuwa polisi wa kawaida. Walikuwa katika Navajo Rangers, chombo kilichoanzishwa mwaka 1957 na ambacho kazi yake inakaribiana na ile ya askari wa wanyamapori na wa misitu katika nchi nyingine. Hulinda mbuga, misitu, malisho, mifugo, samaki na maeneo ya kale. Ni askari kamili, wenye silaha na mamlaka ya kukamata.

Sehemu muhimu ya kazi hiyo ni kuzuia wizi wa mali za kale. Kusini-magharibi mwa Marekani kuna magofu mengi ya watu waliojenga majumba ya mawe kwenye majabali karne nyingi zilizopita, na vyungu vyao huuzwa kwa bei kubwa. Mwaka 1979 Marekani ilitunga sheria kali ya kulinda maeneo hayo, na askari wa maliasili ni miongoni mwa wanaoisimamia.

Upelelezi wa wizi wa namna hiyo una ugumu wake. Mara nyingi hakuna shahidi, na tukio huwa limetokea siku kadhaa kabla. Mpelelezi hukuta udongo uliofukuliwa, alama za matairi na nyayo. Inabidi apime, apige picha, amimine plasta kwenye nyayo ili apate umbo lake, kisha atunze kila kielelezo kwa namna itakayokubalika mahakamani.

Ujuzi huo huo ndio waliokwenda nao kwenye malalamiko ya mauzauza.

Amri ya kutocheka

Kwa maelezo ambayo askari hao wameyatoa mara kadhaa baada ya kustaafu, chanzo cha kazi hiyo kilikuwa lalamiko la mwanamke mmoja mzee. Alitoa taarifa kwamba ameona karibu na nyumbani kwake kiumbe mkubwa mwenye manyoya anayetembea kwa miguu miwili, yule ambaye Wamarekani humwita Bigfoot. Askari waliopokea taarifa hiyo hawakuitilia maanani.

Mwanamke huyo hakunyamaza. Alilalamika kwa wakubwa, na ikaonekana kwamba serikali imemdharau raia wake, tena mtu mzima anayestahili heshima. Katika mila za Wanavajo, kumcheka mzee ni kosa lenyewe, hata kabla ya kufika kwenye suala la kama aliyosema ni kweli au la.

Uongozi wa Rangers ukaelekeza kwamba taarifa za aina hiyo zishughulikiwe kama taarifa nyingine yoyote, na zikakabidhiwa kwa kitengo cha kazi maalumu ambamo Milford na Dover walikuwamo.

Malalamiko waliyoyapokea yanaweza kugawanywa katika makundi matatu. La kwanza ni la viumbe wenye manyoya, hasa katika maeneo ya kando ya Mto San Juan na Milima ya Chuska. La pili ni la taa na vyombo visivyojulikana angani. La tatu ni la nyumba na ofisi ambamo watu walisema wanasikia sauti au kuona vitu vikisogea bila kuguswa.

Utaratibu wao ulikuwa wa kipolisi. Mashahidi walihojiwa, tena kila mmoja peke yake. Eneo la tukio lilipigwa picha. Nyayo zilipimwa na manyoya yakachukuliwa kama sampuli. Wakati mwingine walikesha mahali palipolalamikiwa wakiwa na vyombo vya kurekodi sauti na picha.

Wao wenyewe wanasema waliyokutana nayo yaliwafanya waamini kwamba yako mambo yasiyoelezeka kwa kawaida. Hayo ni maoni yao kama mashahidi, na msomaji ana haki ya kuyapima.

Sayansi inasemaje?

Kuhusu kiumbe mwenye manyoya, jibu la sayansi hadi sasa halimsaidii anayeamini. Mwaka 2014 jopo la watafiti lililoongozwa na Profesa Bryan Sykes wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, lilitoa matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya manyoya kutoka sehemu mbalimbali duniani yaliyodaiwa kuwa ya viumbe wa aina hiyo.

Sampuli 30 zilitoa majibu. Zote zilikuwa za viumbe wanaojulikana, wakiwamo dubu, farasi, ng'ombe na mbwa, na mojawapo ilikuwa ya binadamu. Hakuna mzoga, mfupa wala jino la Bigfoot lililowahi kuthibitishwa na wataalamu.

Kuhusu vyombo vya angani, Septemba 2023 jopo huru lililoundwa na shirika la anga la Marekani, NASA, lilieleza kwamba halikupata ushahidi kwamba matukio hayo yana asili ya nje ya dunia. Machi 2024 Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo nayo ilitoa ripoti iliyopitia uchunguzi wa serikali tangu mwaka 1945, na haikukuta uthibitisho wowote wa vyombo vya viumbe wa sayari nyingine.

Lakini jopo la NASA lilisema jambo jingine ambalo halikupewa nafasi kubwa katika habari. Lilieleza kwamba tatizo kubwa ni ubovu wa takwimu zilizopo, na kwamba watu wengi, wakiwamo marubani, hawatoi taarifa kwa kuogopa kuchekwa. Likashauri aibu hiyo iondolewe, ili matukio yaandikwe vizuri na kuchunguzwa.

Hapo ndipo shirika kubwa la sayansi linapokutana na amri ya uongozi wa askari wa Window Rock. Asiyeandika taarifa kwa sababu haiamini hawezi baadaye kudai kwamba ameichunguza na kukuta ni uongo.

Mambo yasiyosemwa ovyo

Liko kundi la nne la hofu ambalo Wanavajo wengi hawapendi hata kulitaja. Ni lile la yee naaldlooshii, mchawi ambaye inaaminika anaweza kuvaa umbo la mnyama na kwenda kwa miguu minne. Filamu za Marekani humwita skinwalker na kumfanya kitisho cha kuburudisha.

Kwa Wanavajo jambo hilo si burudani. Wengi huona kwamba kulizungumza mbele ya wageni ni kulialika. Mwaka 2016 mwandishi J. K. Rowling alipolitumia katika maandishi yake kuhusu historia ya uchawi Amerika Kaskazini, wenyeji asilia wengi walimlaumu kwa kuchukua imani ya watu walio hai na kuigeuza hadithi ya kubuni.

Hali kadhalika, mila inawataka Wanavajo wajiepushe na maiti na mahali mtu alipofia. Zamani nyumba ya jadi, iitwayo hogan, iliweza kuachwa kabisa iwapo mtu alifia ndani yake. Askari Mnavajo, ambaye kazi yake inamlazimu kugusa maiti na kuingia katika nyumba hizo, hubeba mzigo ambao mwenzake wa mjini hana.

Mzigo huo una tiba yake. Waganga wa jadi, hataałii, hufanya ibada za nyimbo na michoro ya mchanga, nyingine zikiendelea hadi usiku wa tisa, kumrudisha mgonjwa katika hali ya mapatano na dunia inayomzunguka, ambayo kwa lugha yao huitwa hózhó. Wanajeshi wa Kinavajo waliorudi kutoka Vita Kuu ya Pili ya Dunia walifanyiwa ibada ya kuwaondolea athari za adui waliyemuua au kumgusa.

Kwa hiyo raia anayepiga simu kwa askari kuhusu mauzauza hakosi mahali pa kupeleka hofu yake. Mganga yupo. Anachotaka kwa askari ni kitu kingine: mtu wa serikali aje, aone, na athibitishe kwa maandishi kwamba amefika.

Hofu inapokosa mahali pa kusikilizwa

Historia ya Wanavajo inaonyesha hatari ya hofu kukosa njia. Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwaswaga zaidi ya watu 8,000 kwa miguu, safari ya takriban kilomita 480, hadi kambi ya Bosque Redondo, New Mexico. Walikaa huko miaka minne ya njaa na maradhi, na wengi wakafa. Juni 1868 walitia saini mkataba uliowaruhusu kurudi.

Walirudi wakiwa maskini. Mwaka 1878, katika mazingira hayo ya umaskini na shaka, viongozi wao waliendesha msako wa watu waliotuhumiwa kuwa wachawi, na wapatao 40 waliuawa.

Kila anayejua maana ya kunyooshewa kidole kijijini anaelewa jinsi jambo hilo linavyotokea. Mtoto anaumwa, mifugo inakufa, na jibu lisipopatikana kwa mwenye mamlaka hutafutwa kwa jirani. Askari anayefika mapema na kuandika kilichoonekana, saa ngapi, na nani alikuwapo, huirudisha hofu kwenye mambo yanayoweza kupimwa kabla haijapata jina la mtu.

Ziko pia hofu ambazo zilikuwa za kweli na wenye mamlaka wakakaa kimya. Kuanzia mwaka 1944 hadi 1986 karibu tani milioni 30 za mawe yenye urani zilichimbwa katika ardhi ya Wanavajo. Wachimbaji wengi hawakuelezwa hatari ya mionzi, na baadaye saratani ya mapafu iliwaandama. Migodi zaidi ya 500 imeachwa bila kutumika.

Julai 16, 1979, bwawa la taka za kiwanda cha urani lilipasuka huko Church Rock, New Mexico, na zaidi ya lita milioni 350 za maji yenye sumu na mionzi zikaingia katika Mto Puerco, ambao mifugo ya Wanavajo ilikuwa ikinywa. Marekani ilitunga sheria ya fidia kwa waathirika wa urani mwaka 1990, wakati wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Mtu aliyelelewa katika nchi ambayo adui wa kweli alikuwa haonekani kwa macho, na ambayo serikali ilichelewa kumwambia, ana sababu ya kudai asikilizwe.

Somo la mwaka 1993

Tukio linaloeleza vizuri faida ya kusikiliza lilitokea Mei 1993. Kijana Mnavajo, mwanariadha mwenye afya njema, alishindwa kupumua ghafla na kufariki dunia. Siku chache kabla, mchumba wake naye alikuwa amekufa kwa dalili kama hizo. Wengine wakafuata, na madaktari hawakujua ugonjwa gani.

Baadhi ya vyombo vya habari viliuita mafua ya Wanavajo, na watu wa kabila hilo wakaanza kukwepwa. Wakati huo huo baadhi ya wataalamu waliketi na wazee na waganga, wakawauliza wanaonaje.

Wazee walisema waliwahi kusikia habari za maradhi kama hayo. Walieleza kwamba mvua na theluji zikizidi, misonobari huzaa mbegu nyingi, panya huongezeka, na kifo hufuata. Mila yao inakataza panya kuingia ndani ya nyumba au kugusa chakula na nguo.

Wanasayansi walithibitisha. Ugonjwa ulitokana na virusi vya jamii ya hanta vinavyobebwa na panya wa porini na kuenezwa kwa mkojo na kinyesi chao kinapokauka na kupeperuka. Baada ya mvua nyingi, panya hao walikuwa wameongezeka takriban mara kumi katika mwaka mmoja.

Tukio hilo halithibitishi kuwapo kwa mizuka. Linaonyesha kwamba maelezo ya mzee wa kijijini yanaweza kuonekana ushirikina masikioni mwa mgeni na kumbe yamebeba taarifa ambayo mgeni anaihitaji.

Kilichobaki

Wasioamini wanasema kazi ya Milford na Dover ilipoteza muda wa askari wachache waliokuwapo, wakati wizi, ajali za barabarani na watu wanaopotea vilihitaji nguvu hiyo. Hoja hiyo ina uzito katika eneo lenye askari mmoja kwa mamia ya kilomita za mraba.

Lakini raia hawana vituo viwili vya polisi, kimoja cha wizi na kingine cha mizuka. Bibi aliyechekwa alipotaja kiumbe mwenye manyoya hatapiga simu siku mjukuu wake atakapopotea, au atakapoona gari geni likichimba magofu usiku. Kwa askari anayetegemea macho ya wananchi kulinda eneo kubwa kiasi hicho, kuaminiwa ni kitendea kazi kama lilivyo gari.

Majalada yao hayajamshawishi mwanasayansi yeyote kubadili vitabu vya elimu ya viumbe, na pengine hayatamshawishi. Ndani yake, hata hivyo, yamo majina ya watu waliosikilizwa, tarehe, vipimo na picha. Atakayetaka kuwapinga Wanavajo hao au kuwaunga mkono ana pa kuanzia, kwa sababu yupo aliyechukua kalamu akaandika.